Karibu, Lakini Pangusa Miguu

Mvua ya msimu ule ilinyesha pale Hartlode mpaka mabata wakaanza kubisha hodi kwenye nyumba za watu. Hayo ni maneno ya Jethro Gathercole, na maneno ya Jethro ilibidi uyapunguze nusu kabla ya kuyameza. Ila safari hii hata waliozoea kumpunguzia hawakumpunguzia. Mto Yarrel ulikuwa umegeuka rangi ya chai iliyozidi maziwa, ukipita mbio na matawi, na mapipa, na asubuhi moja ukapita na paa zima la banda, kuku mmoja amekaa juu yake kimya kama abiria aliyekwisha lipa nauli.

Jethro alimwona kuku yule kwa macho yake mwenyewe. Siku nyingine angepata hadithi ya wiki nzima pale baa ya Nanga, na kufika Ijumaa kuku angekuwa amevaa kofia. Siku hiyo alimtazama tu akipita, akarudi ndani, akafunga mlango, akasimama mbele ya ukuta wa mkewe.

Eunice alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka na kupamba mashua. Katika majira yake ya mwisho ya baridi alishindwa kupanda ngazi, kitanda kikashushwa kando ya meko, naye akalalamika kwamba ukuta mweupe unamtazama kama daktari. Basi akauchora. Aliichora Hartlode yote juu yake, toka sakafuni hadi darini: kanisa, ghala la kimea na madohani yake, kibanda cha mvushaji chenye paa la nyasi, kinu kilichoungua kabla hata wao hawajazaliwa, na Safu yenyewe, nyumba sita zilizoshikana mabega zikitazama mto. Na kwa kuwa Jethro alikaa pembeni yake akimpigia chuku ili asahau maumivu, chuku nazo zikaingia ukutani. Nguruwe wa kasisi yumo, amepanda mnarani anapiga kengele ya harusi. Askofu aliyenasa kwenye dirisha la ghala la kimea yumo, miguu nje. Mnara wa kanisa, ambao kweli umeinama kidogo, Jethro alisema umeinama ili usikie umbea wa Nanga. Eunice akauinamisha zaidi, akauchorea na sikio.

Chini kabisa, karibu na sakafu, aliwachora watu wawili wameketi kizingitini. Mwanamume kinywa wazi, mwanamke anacheka.

Rangi ilikuwa ya chaki na gundi. Ukiigusa kwa kidole chenye jasho, kidole kinaondoka na rangi.

"Si upake ya mafuta?" Jethro alimwuliza wakati ule.

"Nikipaka mafuta ukuta utashindwa kupumua, utaoza mgongoni. Wewe mtoto wa Safu unaniuliza mimi hivyo?"

"Na mto ukija?"

"Mto ukija, ukuta ni wake. Mimi nimeazima tu. Hebu niletee ile bluu, acha kunisimamia kama mlinzi."

Akafa majira ya kuchipua, rangi ya bluu bado iko kwenye kucha zake.

Sasa, Safu ile ilijengwa na maseremala wa mashua, na nyumba zilizojengwa na mtu wa mashua hazifanani na za mtu mwingine. Ukingo wa mto pale umeinuka, na malisho yaliyo nyuma yako chini kuliko barabara ya mbele, kwa hiyo nyumba zinakaa katikati kama watu waliokalia ukuta. Mto ukifurika unataka kupita kwenda malishoni. Wale maseremala hawakubishana nao. Waliweka sakafu ya matofali juu ya mchanga mtupu, maji yaingie na yanywewe. Kabati za vyombo zinaning'inia kwenye ndoana. Kila nyumba ina milango miwili inayotazamana, wa mbele unafunguka kwa ndani, wa nyuma kwa nje, ili mto ukija usisumbuke hata kushika kitasa. Na kuta zinazogawa nyumba na nyumba ni nyembamba, za fito na udongo na chokaa kati ya nguzo za mwaloni, maana hazikuwekwa kubeba maji upande mmoja. Maji yakiwa pande zote mbili, ukuta unasimama wima kama mtu kwenye umati. Yakiwa upande mmoja tu, unaanguka.

Ndiyo maana kuna ada. Maji yakilamba ngazi ya pili ya Nanga, mkubwa wa Safu, anayekaa nyumba ya kwanza upande wa juu wa mto, hufungua milango yake yote miwili, akapanda kwenye ngazi ya ndani, akapiga kelele: "Karibu, lakini pangusa miguu!" Wa nyumba ya pili akisikia hufungua ya kwake, naye anasema vivyo hivyo. Maneno yanashuka hivyo nyumba kwa nyumba hadi ya mwisho. Ukisikia jirani amesema, ujue amefungua. Hakuna anayechungulia kuhakikisha. Ni aibu kuchungulia.

Kwenye kibaraza cha kanisa umetundikwa mlango mmoja wa zamani, mweusi, bawaba zake zimeliwa na kutu. Watalii wakiuliza, Jethro huwaambia ndio mlango alioupiga teke shetani alipoombwa kutoa sadaka. Watu wa Safu wanajua ni mlango wa Nahum Sculthorpe, mfanyabiashara wa chumvi, ambaye zamani za mababu alikuwa na magunia ndani na hakufungua. Ukuta wa jirani ukalala, na binti wa jirani alikuwa chini yake. Hawakumpiga Nahum wala kumshtaki. Waliung'oa mlango wake, wakaupeleka kanisani, na yeye akakaa majira yote ya baridi katika nyumba isiyo na mlango, na kila apitaye alimwona anavyokula.

Hadithi hiyo, ile ya kweli, Jethro aliisimulia mara moja kwa wageni, kwa hasira. Nyumba ya mwisho kwenye Safu, inayopakana na yake, ilinunuliwa na kijana Callum Ridout na mkewe Tamsin, na jambo la kwanza walilotaka ni kuziba mlango wa nyuma waweke makabati ya jiko.

"Mwanangu," Jethro alimwambia, amekaa kitako kwenye boksi lao la vyombo, hatoki, "uliponunua nyumba ulinunua na njia ya mto. Kiwanja si chako peke yako."

"Mzee, mto haujaingia humu miaka na miaka. Tumeuliza."

"Mliuliza nani? Karatasi? Ungemwuliza Nahum." Akamsimulia. Akamaliza kwa kusema, "Na huo ukuta wako na wangu ni mmoja. Ukifunga wewe, nakufa mimi."

Tamsin ndiye aliyeamua. "Yarudishe hayo makabati, Callum. Mimi sitaki huyu babu afie kwenye ukuta wangu, atakuwa anasimulia hadithi humo ndani usiku kucha."

Walicheka, na toka siku hiyo wakawa majirani kweli. Mtoto wao wa kike alipozaliwa Jethro alijipa ubabu bila kuombwa.

Ni huyo huyo Jethro aliyeagiza vizuizi vya alumini, vile vya kuziba mlango maji yasiingie, baada ya Eunice kuzikwa. Vilikuja vimefungwa kwenye boksi refu, akamwambia Bi Drusilla Tranter, mkubwa wa Safu, kwamba ni kitanda. Akafunga reli zake kwa skrubu kwenye miimo ya milango yote miwili, kwa ndani, akazifunika kwa mapazia. Alijiambia ni vya wezi. Halafu akajiambia ni vya baridi. Mtu aliyezoea kudanganya kijiji kizima hashindwi kujidanganya mwenyewe, yeye ni msikilizaji mmoja tu.

Asubuhi ile ya mafuriko, watu wa zimamoto walipita na mashua, wakawataka watu wa Safu watoke. Bi Drusilla alitoa kichwa dirishani, nywele kwenye vibanio.

"Tutoke twende wapi? Kwenye ukumbi wa shule, tukalale na wale wa Barabara ya Juu wanaokoroma? Niletee maziwa, mwanangu, ukirudi. Ya chupa."

Callum aliuliza kutoka dirisha la mwisho, mtoto begani. Hakumwuliza mtu wa zimamoto. Alimwuliza Jethro, dirisha kwa dirisha.

"Mzee, kweli tubaki? Na huyu?"

"Kaeni juu," Jethro alisema. "Safu haijamwangusha mtu anayefungua mlango."

Alipoyasema alikuwa bado hajaamua. Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye. Vizuizi vilikuwa vimesimama kwenye kona, bado havijaingizwa relini. Akashuka chini. Akamtazama yule mwanamke anayecheka kizingitini. Rangi ya mashavu yake ilikuwa imepasuka kidogo, kama ngozi halisi. Akavichukua vizuizi, akavishindilia, kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma, mpira ukabana vizuri. Akapanda ngazi hadi katikati, akaketi.

Sauti ya Bi Drusilla ikaja, nyembamba, kali, toka mwisho wa juu: "Karibu, lakini pangusa miguu!"

Ya pili ikafuata. Ya tatu. Ya nne, mzee mwingine mwenye kikohozi, akakohoa katikati ya pangusa na miguu, na mtu akacheka mahali fulani.

Zamu ikawa yake.

"Karibu," Jethro akapaza sauti, "lakini pangusa miguu!"

Na mara tu, upande wa pili wa ukuta, sauti ya Callum, mara yake ya kwanza kuyasema, anayatamka kwa aibu na furaha kama mtu anayekula kiapo: "Karibu, lakini pangusa miguu!" Mlango wake ukasikika ukigonga ukuta.

Maji yakaingia kwa majirani kwa adabu, ndivyo yanavyoingia. Jethro aliyasikia yakipita kulia kwake na kushoto kwake, yakisukuma viti taratibu, yakigongesha ndoo. Kwake palikuwa pakavu. Maji membamba tu yalichungulia chini ya kizuizi cha mbele, yakaufuata mstari wa matofali, yakakoma. Akashuka akakaa kwenye kigoda cha Eunice. Alikuwa na furaha. Maji yalipanda nje. Yakafika kwenye kizingiti cha dirisha. Chumba kikawa na giza la kijani, kama chupa.

Kwa muda akatazama ukuta tu. Nguruwe. Askofu. Ghala la kimea. Mnara.

Mnara ulikuwa umesimama wima.

Akapangusa miwani kwa shati. Akatazama tena. Mnara ambao mkewe aliuinamisha kwa makusudi, mnara ambao haujawahi kusimama sawa hata katika ndoto ya mhandisi, ulikuwa umenyooka kama mshumaa. Akasogea pembeni, akaweka shavu ukutani kama afanyavyo fundi, akatazama kwa urefu. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Katikati ulikuwa umevimba kumjia yeye, na rangi kwenye uvimbe ilikuwa inapasuka vipande vidogo vidogo vinavyoanguka bila sauti. Huu ndio ulikuwa ukuta wake na Callum, na upande wa Callum maji yalikuwa yamejaa kufika kiunoni. Upande wake hapakuwa na kitu cha kuusukuma ukuta urudi.

Halafu akasikia juu, kupitia udongo na fito, Tamsin akimwimbia mtoto. Boriti za sakafu ile, ile waliyoikalia, ziliingia kwenye ukuta huu huu. Ukuta ukilala, sakafu inakuja nao.

"Callum!" akapiga kelele. "Ondokeni upande huu! Nendeni dirishani!"

"Nini, Mzee?"

"Dirishani! Usiniulize!"

Akakimbilia mlango wa nyuma. Mzee wa miaka ile hakimbii, lakini alikimbia. Kule maji yalikuwa chini, vizuizi vikatoka kwa kuvivuta, akausukuma mlango ukafunguka kuelekea malishoni. Mlango wa mbele ndio uliogoma. Maji yalikuwa yamepenya kwenye nyufa za mbao, yakavibana vizuizi relini kama meno ya mbwa. Akavuta, havikuja. Akachukua chuma cha kuchochea moto, akakipenyeza, akakilalia kwa uzito wake wote. Nyuma yake kitu ndani ya ukuta kikalia, kirefu, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Akasema jina la Eunice. Akakilalia tena kile chuma.

Kizuizi cha juu kiliruka. Cha pili kikafuata. Komeo halikusubiri afungue, lilikatika lenyewe.

Mto uliingia nyumbani kwa Jethro Gathercole bila kupangusa chochote. Kwa wengine ulikuwa umeingia kama mgeni; kwake uliingia kama ng'ombe dume aliyefungiwa nje ya zizi siku nzima. Ulimpiga kifuani, ukampeleka hadi ngazini, akaikumbatia nguzo ya ngazi kwa mikono yote miwili, akameza maji yenye ladha ya samadi na dizeli. Meza ikapita. Kigoda kikapita, kikageuka mlangoni mara moja, kikatoka. Alipoweza kufumbua macho, chumba kilikuwa kimejaa mpaka kiunoni, maji yamekuwa maziwa kwa chaki, na bluu ilikuwa inazunguka juu yake kwa mduara, polepole, ikielekea mlango wa nyuma.

Ukuta ulisimama. Ulibaki na tumbo lake, na ufa uliokata toka darini hadi majini, lakini ulisimama. Kule juu Tamsin alikuwa ameacha kuimba.

Maji yalitoka kama yalivyoingia, yakaacha tope laini linalonuka. Watu wa Safu walishuka na mafagio, wakawasha moto, wakapika chai kwenye uwanja, na mara kila mtu akajikuta nyumbani kwa Jethro kutazama ufa. Callum alikuwa ameuona kwa upande wake. Alikuwa na rangi ya mtu aliyeamshwa kwa maji.

"Nini kilipiga huu ukuta, Mzee? Tulisikia kishindo kimoja, halafu maji kwetu yakashuka ghafla."

Jethro hakufikiri. Ulimi wake ulijua kazi yake.

"Ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe jike, wa madoa, nadhani wa shamba la juu. Naukaribisha mto, naona kichwa chenye pembe kinaingia! Nikasema, mama, humu hakuna nyasi. Akanasa mlangoni kama askofu. Maji hayapiti. Nasukuma, ananilamba. Navuta, anakojoa. Mpaka nikamnong'oneza kwamba kasisi anatafuta nyama ya Jumapili, ndipo akachomoka."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Hata Callum alicheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu, akamshika Jethro bega. "Ungekufa, babu wewe. Ungekufa kwa ajili ya ng'ombe. Na ukatupigia kelele tuhame dirishani. Asante." Mkono wake ulikaa begani muda mrefu. Tamsin alikuwa mlangoni na mtoto kwenye blanketi. Alimtazama tu Jethro kwa macho ya shukrani, na hayo ndiyo yaliyomchoma.

Bi Drusilla peke yake hakucheka. Wengine walipotoka alibaki, anakunywa chai yake, kidole chake kinapita kwenye mwimo wa mlango ambako reli ilikuwa.

"Jethro."

"Naam, Bi mkubwa."

"Huyo ng'ombe alikuwa na skrubu?"

Jethro akatazama matofali.

"Sisemi kwa mtu," akasema Bi Drusilla. "Utasema mwenyewe au utakufa nayo. Mimi ni mzee, najua kusubiri yote mawili." Akamwaga mashapo ya chai nje, akaondoka, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye tope.

Jethro akabaki na ukuta. Mto ulikuwa umechukua kila kitu toka kiunoni kwenda chini: kibanda cha mvushaji, kinu, barabara, kizingiti na waliokuwa wameketi juu yake. Kilichobaki kilikuwa mapaa na madohani, yanachomoza juu ya utupu wa rangi ya tope, na mnara na nguruwe wake. Ungedhani Eunice alichora gharika. Na kando ya mnara, juu kidogo tu ya mstari wa maji, kulikuwa na kibaraza cha kanisa. Ndani ya kibaraza mkewe alikuwa amepaka doa jeusi lenye pembe nne, dogo kama ukucha. Hakuwahi kumwuliza ni nini. Ulikuwa mlango wa Nahum, umechorwa bila mzaha wowote, bila sikio, bila nguruwe.

Alikaa nalo siku hiyo na iliyofuata. Pale Nanga hadithi ya ng'ombe ilikuwa inasimuliwa na watu wengine sasa, na ilikuwa imeshazaa ndama. Watu walimnunulia bia. Aliinywa, na haikuwa na ladha.

Jumapili, baada ya ibada, wakati barabara ina watu, alitoa bisibisi na nyundo. Bawaba za mlango wa mbele zilikuwa nzito na zimevimba, akazing'oa kwa shida. Akaubeba mlango mgongoni, amejikunja kama konokono, akaanza kupanda njia ya kanisani. Mlango wa mwaloni uliolowa si mchezo. Alipumzika kila baada ya hatua chache, na watu walimwuliza kama anahitaji msaada, na yeye akasema hapana, na mmoja mmoja wakaelewa, wakaacha kuuliza. Wa Safu walielewa kabla ya wengine. Yule mwenye kikohozi alivua kofia, kisha akaivaa tena, kana kwamba hakuwa na hakika ilikuwa heshima au nini.

Callum alikuwa anashuka.

"Mzee, unapeleka wapi mlango?"

Jethro akaushusha. Hakuwa na pumzi ya hadithi. "Kibarazani."

Ilichukua muda. Iliingia usoni kwa kijana taratibu, kama maji kwenye matofali.

"Nilikusikia," Callum akasema. "Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisema pangusa miguu. Ndipo nikafungua."

"Nilisema."

"Ulisema. Na mtoto alikuwa juu."

"Najua alikuwa juu."

"Kwa nini?" Kisha akainua mkono. "Hapana. Usiniambie. Utaniambia vizuri, nitakuonea huruma. Sitaki."

Akatoka njiani, akasimama kwenye nyasi, akampisha. Hakumsaidia. Jethro alijifunga tena mzigo wake, akapanda. Pale kibarazani aliuegemeza mlango karibu na ule mweusi, na watu wawili wa kanisa wakaja na misumari bila kutumwa. Watalii wa kwanza walipouliza, wiki ile ile, mbona wa pili bado ni mpya, Jethro alijibu, "Ni wangu. Sikufungua," na hawakujua waseme nini, wakapiga picha ya dari.

Baridi ikaja. Alitundika blanketi penye mlango, upepo ukawa unalichezea. Alikula mbele ya kila apitaye, mkate, viazi, supu, wakati mwingine bila kuvua koti. Callum alikuja na mafundi wakatengeneza ukuta kwa upande wake, fito mpya, udongo mpya, akaongea nao wao tu. Tamsin alikuwa amemchukua mtoto kwa mama yake mjini, na watu walisema harudi.

Alirudi mwezi wa pili. Jethro alisikia nyayo kwenye tope, zikasimama. Hapakuwa na mlango wa kubisha, kwa hiyo akagonga mwimo.

"Naweza kuingia?"

"Karibu," akasema Jethro, akanyamaza hapo.

Tamsin akaliinua blanketi. Alikuwa na mtoto kiunoni, mkubwa sasa, anayeshika kila kitu. Alivaa viatu vya shambani, tope hadi kwenye vifundo. Mkeka ulikuwa pale kizingitini kama kawaida. Aliutazama. Kisha akauruka, akaingia hadi katikati ya sakafu aliyokuwa ameisugua Jethro asubuhi ile, akasimama mbele ya ukuta, akaweka kiganja chake juu ya ufa, akakiacha hapo. Mtoto alinyoosha mkono akamgusa nguruwe, kidole kikatoka na rangi ya waridi.

Jethro hakumkataza.

Tamsin akageuka, akatoka kama alivyoingia. Blanketi likarudi mahali pake. Kwenye matofali kulibaki nyayo, kwenda na kurudi, tope zito lenye nyasi ndani yake, na Jethro alichukua kiti akakiweka pembeni, mahali ambapo hakitazikanyaga.